Simu nyingi zinauliwa na pawa saplai ya mtumba, sio na wizi wa fundi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kirumba, Mwanza. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu ila jambo lenyewe haliwezi kuisha kwa mistari mitano.

Kuna msomaji mwenzetu, mama, aliandika humu kwamba mafundi simu wa huku kwetu wanaua simu za watu makusudi ili wauze spea. Yeye alipeleka simu haichaji tu, akarudishiwa imekufa kabisa, fundi anamwambia "ilikuwa imeshaoza ndani". Niliisoma mara mbili nikiwa mezani kwangu na iliniuma, maana mi mwenyewe ni fundi, huu mwaka wa 14, na siwezi kukataa kwamba wezi wapo kati yetu, lakini simu nyingi zinazofia mezani hazifi kwa wizi. Zinauliwa na lile boksi lenye namba nyekundu na waya mbili, mwekundu na mweusi, ambalo fundi anawashia nayo simu ikiwa haina betri. Pawa saplai. Nyingi tulizonazo ni za mtumba, na kati ya hizo zilizo mbovu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mwenye nayo hajui kama ni mbovu kwa sababu namba zinawaka vizuri tu.

Nasema hivi kwa sababu nilishaua simu ya mtu kwa namna hiyo hiyo.

Ilikuwa hivi. Nilinunua pawa saplai kwenye duka moja la mizigo ya kontena hapa mjini, sitalitaja, ya volti 30 ampea 5, ile nzito ya zamani yenye trafo (transfoma) ndani, elfu 90. Nilifurahi kwa sababu mpya zilikuwa zimenizidi. Muuzaji akaichomeka, namba zikawaka, akazungusha ikaandika 12.0, akasema "si unaona fundi, inapiga kazi". Na kwenye risiti kama kawaida, mali ikitoka hairudi. Kitu kimoja nilichokumbuka kuangalia ni ile swichi ya nyuma ya kuchagua umeme, ilikuwa kwenye 220, hapo nilikuwa salama, maana kuna jirani yangu alinunua yake imetoka Japani, kule umeme wa nyumbani ni volti 100 na huku kwetu ni 230, akaichomeka moja kwa moja ukutani na haikumaliza hata dakika, ikatoa moshi. Vya Marekani navyo ni volti 120. Kwa hiyo ukinunua cha kontena geuza nyuma usome kibandiko kabla hata hujauliza bei.

Basi nikaitumia kama wiki tatu. Siku moja akaja mama mmoja wa pale soko la Mwaloni, anauza dagaa za jumla, simu haiwaki. Mi huwa naweka volti 4 hivi, ampea nazibana kwenye 1, nashika waya kwenye miguu ya betri naangalia inakula kiasi gani. Ilikuwa inakula vizuri, nikataka kuipandisha kidogo ifike 4.2, nikagusa ile volyumu ya volti, kile cha kuzungusha kwa vidole, nimeigusa tu sijaizungusha hata robo, namba zikaruka zikaandika 31 na kitu halafu zikarudi. Ni kupepesa jicho. Nikasikia harufu, ile harufu kila fundi anaijua, nikaweka kidole kwenye bodi ikaniunguza.

Yule mama hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "mwanangu, namba zangu je? Wote ninaowadai wamo humo." Watu wa Sengerema, wa Ukerewe, wanaochukua mzigo kwa mali kauli wanalipa wiki inayofuata, na yeye hakuwa ameandika popote. Nilimnunulia simu nyingine lakini zile namba sikuweza kumrudishia, na hadi leo nikipita Mwaloni nampitia kumsalimia na bado linanikaa moyoni.

Sasa watu wanauliza, si ulikuwa umebana ampea kwenye 1? Hapa ndo wengi wetu tunadanganyika. Ampea ukizibana hazizuii volti kupanda. Volti 30 kwa ampea 1 ni wati 30, zinaingia kwenye bodi iliyotengenezwa kula volti 4, hapo kuna nini cha kupona? Na kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, kwenye mdomo wa mashine ambayo ikishajaa inajimwaga yote kwa mkupuo kabla ile saketi ya kubana ampea haijastuka.

Usiku ule nilifunga kazi nikaifungua ile mashine. Kwanza niliitoa kwenye umeme na kuiacha, halafu kapasita kubwa nikaitoa chaji kwa rizista, kile kikwazo cha umeme, ya oomu 100 ya wati 5, sio kwa bisibisi kama vijana wanavyofanya, ile cheche inakula miguu ya kapasita na siku nyingine inakula macho. Nilichokikuta ndani sitakisahau. Kati ya mapezi ya ile alumini ya kupozea kulikuwa kumejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja jioni kama moshi kutoka majini wakifuata taa, mzigo mzima wamekaukia pale wamechanganyika na vumbi wakawa kama godoro. Feni ilikuwa inazunguka ukiisukuma kwa kidole, ukiiacha inasimama. Mashine imekaa Mwanza siku nyingi hiyo kabla sijainunua, wala haikuwa imetoka kwenye kontena juzi kama nilivyoambiwa.

Ile volyumu niliipima kwa mita ya mshale. Kwa kazi hii mita ya mshale inaizidi ya namba, kwa sababu ukizungusha taratibu unaona mshale unapanda vizuri halafu ghafla unaanguka unarudi, maana yake pale kile kidole cha ndani kimeachia njia yake. Kwenye saketi ya mashine yangu kidole kikiachia, mashine inaelewa kwamba umeomba volti zote. Nilipuliza dawa ya kusafishia nikaona ikitulia siku mbili ikaanza tena, nikaamua kubadilisha. Na hapo kuna mtego, dukani ukisema nataka volyumu ya 10K wanakupa ya redio, imeandikwa A10K, hiyo inapanda kwa kujikunja, ukizungusha mwanzo haisogei halafu mwishoni inaruka. Ya pawa saplai ni B10K. Herufi moja tu.

Nikajua nimemaliza. Sikuwa nimemaliza.

Wiki kama tatu baadae nawasha asubuhi, namba zinaandika 43 na nikizungusha hazishuki. Bahati njema kwenye waya nilikuwa nimefunga taa ya pikipiki, ya volti 12, maana tangu ile siku nilikuwa najaribu kwanza na taa kabla ya kugusa simu ya mtu. Ikawaka nyeupe kama radi ikakatika. Ingekuwa simu ingekuwa ya pili. Nikapima zile transista kubwa za mgongoni, ndo zinazopitisha na kupunguza umeme, zile za chuma kama vifuniko, 2N3055, ziko mbili, na moja ilikuwa imepiga shoti kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita. Transista nzima ukiipima kwa mita kwenye alama ya dayodi, besi (mguu wa tatu) kwenda emita inaonyesha kama 0.5 au 0.6, besi kwenda kolekta hivyo hivyo, na kolekta kwenda emita haitakiwi kuonyesha kitu upande wowote. Kwa yangu mita ilikuwa inapiga honi. Ikishakuwa hivyo umeme wote wa kapasita kubwa unapita kama mlango umeng'olewa, hakuna wa kuuzuia.

Nikanunua nyingine nikafunga. Ikaishi siku mbili. Nikanunua tena, mara hii nikazipima uzito mkononi nikaona ile mpya ni nyepesi kabisa kuliko ya zamani, nikaivunja ile iliyokufa kwa koleo, ndani kale kachipu kalikuwa kadogo kama punje ya mtama. Feki. Kwa hiyo nikasema tatizo ni feki, nikatafuta za kung'oa kwenye amplifaya ya zamani, nzima kabisa, nikafunga hizo mbili kwa pamoja, nikaweka mika ya kutenga umeme na pesti ya kupitisha joto, nikapima kwamba mwili wa transista haujagusana na alumini, kwa sababu mwili wake ndo kolekta yenyewe. Nikabadilisha na ile rizista nyeupe ya oomu 0.22 ambayo ilikuwa imekatika, zile rizista zipo ili transista mbili zigawane mzigo sawa, moja ikikatika mwenzie anabeba peke yake. Kila kitu safi. Nusu saa alumini haishikiki.

Hapo nilikwenda kwa mzee aliyenifundisha kazi, yuko Igogo, hafanyi tena macho yamechoka. Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja, "ukizungusha kutoka volti 5 kwenda 25, unasikia tak?" Nikasema sijawahi kusikia. Akasema, "basi nenda kamtafute rilei, huyo ndo muuaji, transista wewe unazika maiti tu."

Naomba nieleze hapa taratibu kwa sababu hili ndo limenifanya niandike. Trafo ya mashine hizi ina waya za kutolea umeme mdogo na waya za kutolea umeme mkubwa. Ukiomba volti kidogo, rilei, ile swichi inayojigeuza yenyewe kwa umeme, inakaa upande wa mdogo, ukipandisha mpaka karibu 15 inaruka, tak, inahamia upande wa mkubwa. Sababu yake ni joto. Transista zinafanya kazi ya kubaki na volti ambazo hujaziomba, na zinazibadilisha kuwa moto. Yangu upande mdogo kapasita inakuwa na volti kama 22, upande mkubwa 45. Nikitoa volti 4 kwa ampea 2 nikiwa upande mdogo, transista zinabaki na 18, mara 2 ni wati 36. Rilei ikiwa imeng'ang'ania upande mkubwa, zinabaki na 41, mara 2 ni wati 82. Chukua pasi mbili za kuchomelea za wati 40 uzibane kwenye kipande kimoja cha alumini, na feni haizunguki, na mapezi yamejaa wadudu. Kwa nini zisife?

Nikaenda nikapima miguu ya kapasita kubwa. Namba mbele zinasema 5, kapasita 45. Namba zinasema 25, kapasita 45. Haibadiliki. Nikaing'oa rilei nikaifungua kava, miguu yake ya ndani ilikuwa imeshikana kwa moto, imejichomelea yenyewe. Rilei mpya, ya volti zile zile za koili, ilinigharimu kidogo kuliko transista moja ya feki. Nilipoiwasha nikazungusha, nikasikia ile tak, nilikaa kwenye kiti.

Kabla ya kuichomeka moja kwa moja niliipitisha kwenye glopu ya kawaida ya waya, wati 60, nimeifunga kwenye njia moja ya umeme wa ukutani. Ikimulika kidogo ikafifia, ndani hakuna shoti. Ikiwaka kabisa ikabaki imewaka, chomoa urudi kutafuta, na hakuna kilichoungua. Isiwe ya LED, haifanyi kazi hiyo. Glopu hizo zimeanza kuadimika madukani lakini kwa wafuga vifaranga utazipata. Kuweni makini tu, huo ni umeme wa ukutani, unaua.

Kapasita kubwa nazo nilibadilisha, nisiseme sana. Zilikuwa zimevimba kichwani, na dalili niliisikia kwa redio, nikiwasha redio ya kawaida kwa ile mashine inanguruma chini kwa chini, nikiweka betri kimya. Mita kwenye AC ikaonyesha karibu volti nzima wakati taa inawaka, baada ya mpya ikashuka mpaka karibu sifuri. Uwezo ule ule, volti zile zile au zaidi, basi.

Sasa kitu ambacho ningependa kila fundi simu afanye kesho asubuhi hata kama mashine yake ni nzima. Nimetengeneza waya wa simu peke yake. Kwenye waya mwekundu nimeweka fyuzi ya ampea 2, na baada ya fyuzi, kati ya mwekundu na mweusi nimeweka zena, dayodi inayozuia volti zisipite kiwango chake, ya volti 5.1 ya wati 5. Mashine ikiruka, zena inashika pale 5 na kitu, na ukiwa umebana ampea kwenye 1 inavumilia kidogo kwa sababu 5.1 mara 1 ni kama wati 5, ndo mwisho wa uwezo wake. Na ikija ile balaa ya transista kupiga shoti ambapo hakuna tena cha kubana ampea, zena inakufa na ikifa mara nyingi inakufa kwa shoti, fyuzi inakatika, bodi ya mtu inabaki. Zena na fyuzi havifiki bei ya sahani ya sato na ugali. Ningekuwa na waya huo siku ile, mama wa Mwaloni angekuwa na namba zake.

Kwa wenzangu wauzaji wa vitu vya kontena nina ombi na naliomba kwa heshima. Wekeni taa moja ya pikipiki dukani, ile ya wati 35. Kwa volti 12 inakula karibu ampea 3, huo ni mzigo wa kweli. Mteja akija, fungeni taa, wekeni 12, iwake dakika 10 huku mnaongea bei. Kama volti zinashuka, kama namba zinacheza, kama alumini inachoma, mteja ataona na ninyi mtaona. Kisha toeni taa, zungusheni kutoka chini mpaka juu taratibu, msikilize ile tak. Mashine mbovu uzeni kama mbovu kwa bei ya ubovu, sisi mafundi tutanunua tu, trafo peke yake ni mali, lakini msimuuzie kijana aliyetoka chuo jana amekopa kwa shangazi yake, anaifunga mezani anaanza kuua simu za watu na hajui kwa nini, na jina linaloharibika ni lake. Kuna wengine wanatengeneza zile taa za kuvulia dagaa, wavuvi wanaingia nazo ziwani usiku, fundi anamwambia mvuvi taa yako nzima nimeipima, kumbe amepima kwa umeme unaoruka.

Na ninyi vijana wenzangu, usibadilishe transista kabla hujajua nani kaiua. Mi nimezika tatu.

Kwa yule mama aliyeandika: sijui fundi wako alikuwa mtu wa namna gani, na sina haki ya kumtetea nisiyemjua. Lakini kama hiyo simu bado hujaitupa, usiitupe. Mara nyingi kinachoungua ni chipu ya umeme tu na picha na namba zako zinakuwa bado ziko ndani, inategemea volti zilifika wapi. Njoo nayo Kirumba sitakudai hela ya kuiangalia. Taa ya pikipiki inaning'inia kwenye msumari juu ya meza yangu, niambie niifunge kwenye mashine uione inawaka mbele yako kwanza, ndipo nishike simu yako.

Fundi simu na redio,
Kirumba, Mwanza